Shika Tochi, Mwanangu

 

Leo nimekuja na habari ya urithi. Mashamba na nyumba tuyaachie mabaraza ya ukoo. Ninaouzungumzia mimi hauna hati, hauandikwi kwenye wosia, na anayeuacha mara nyingi hata hajui kama anauacha. Ni mapenzi ya gari la dizeli, yanayotoka kwa mzazi na kuingia kwa mtoto.

Naanzia kaskazini mwa Tanzania, maana huko jambo hili halifichiki. Oktoba 2024 Arusha ilijaa Land Rover. Lilikuwa tamasha, na waandaaji walitaka kuvunja rekodi ya msafara wa Land Rover iliyowekwa Ujerumani mwaka 2018 kwa magari 632. Zilikuja Land Rover za zamani za aina ya 109 ambazo bodi zake zimenyooshwa kwa nyundo miaka nenda rudi, zikaja Defender za kubebea watalii, zikaja zilizopakwa rangi juzi na zilizobaki na vumbi la Loliondo. Habari ya rekodi sikuifuatilia sana. Kilichonishughulisha ni vijana. Kiwanda cha Solihull, Uingereza, kilitoa Defender ya mwisho ya lile umbo la zamani Januari 2016, na tangu hapo hakuna duka unaloweza kwenda ukaikuta mpya. Sasa hawa vijana wa miaka 20 na ushei, wanaojua injini ya 200Tdi inatofautiana wapi na 300Tdi, wanaoweza kukwambia gasketi ya pampu ya maji huvujia upande gani, walifundishwa na nani? Zungumza na yeyote kati yao. Hamalizi sentensi mbili bila kumtaja mzee wake.

Nami nilifundishwa hivyo hivyo. Mzee wetu alikuwa na 109 ya dizeli, akibeba abiria na mizigo ya mnadani. Siku za mnada wa Meserani aliondoka giza bado limetanda, na sisi tulimsikia tukiwa kitandani: mlango, ukimya wa kusubiri hita zipate moto, staata, kisha ule mgongano wa kwanza wa injini baridi uliotikisa vioo vya dirisha. Ada ya shule, sare, dawa za bibi, bati za chumba cha uani, vyote vilitoka chini ya boneti ile. Nikisema nalipenda gari la dizeli, sitaki mtu afikiri nazungumzia starehe. Unapenda kilichokulisha.

Mtoto wa nyumba ya namna hiyo huanza kujifunza kwa masikio. Hajajua kusoma, lakini anajua gari linalopanda kilima ni la baba au la jirani. Injini za dizeli za zamani zina mlio wa kugonga, na kila moja ina tabia yake. Moja inagonga kwa nguvu ikiwa baridi, halafu inatulia ikipata joto. Nyingine ina mluzi wa turbo unaopanda kila dereva anapokanyaga mafuta. Mtoto anamwambia mama, "Baba yuko darajani," na mama, bila kuuliza umejuaje, anabandika maji ya kuoga. Hakuna aliyeketi kumfundisha mtoto yule. Amesikiliza tu, kila siku, kwa sababu mlio ule ulikuwa na maana nyumbani kwao.

Baada ya masikio inakuja tochi.

Nadhani hakuna mtoto wa mwenye gari la dizeli aliyewahi kukwepa kushika tochi. Ni saa mbili usiku, gari linatakiwa kuondoka alfajiri, mzee amelala chali chini ya injini juu ya gunia, na wewe umesimama pembeni na taa. Watu wanaidharau kazi hii. Mkono unachoka, wadudu wanakuvuta macho, mwanga unahama kwenye nati na kuangukia ukutani. Mzee anasema neno moja tu, "Taa," nawe unairudisha. Mwanzoni unamulika unapoambiwa. Lakini usipoelewa anachokifanya utakosea kila mara, kwa hiyo unalazimika kufikiri pamoja naye. Kafungua bomba la juu, lazima sasa atatafuta la chini. Ameshika skrubu, basi bisibisi iko karibu kuitwa. Inafika siku unapeleka mwanga kwenye nati kabla mkono wake haujaifikia. Mzee hasemi kitu. Anaendelea kufungua. Ila kesho yake anakuita wewe, hamwiti utingo.

Na hesabu pia nilijifunzia pale. Land Rover za zamani hazina spana za milimita kama Toyota. Nati zake ni za inchi. "Niletee nusu." "Hapana, hii kubwa, lete saba kwa kumi na sita." Mtoto anakwenda kwenye sanduku akijua tayari kwamba saba kwa kumi na sita ni ndogo kuliko nusu, na tisa kwa kumi na sita ni kubwa kuliko nusu, kwa sababu amezishika zote mkononi na kuona ipi inazunguka bure na ipi inabana. Mwalimu alipoandika sehemu ubaoni, wenzangu waliona namba zimepandiana. Mimi niliona spana.

Sasa, mzazi mwenzangu, ukitaka kumweleza mtoto injini yenyewe inafanyaje kazi, acha michoro kwanza. Mpe pampu ya baiskeli. Mwambie azibe tundu kwa kidole, asukume haraka mara kadhaa, halafu aguse chuma cha upande wa chini. Kina joto. Hajawasha kiberiti, ameibana hewa tu. Injini ya dizeli nzima imesimama juu ya jambo hilo moja. Injini ya petroli inahitaji plagi irushe cheche ili mafuta yawake. Ya dizeli haina plagi ya cheche hata moja. Pistoni inapanda na kuibana hewa mpaka nafasi yake inabaki sehemu ndogo sana ya ilivyokuwa. Katika injini ya 1HZ ya Land Cruiser, ile ya lita 4.2 yenye silinda sita ambayo mashirika na hospitali za vijijini wameitegemea tangu mwaka 1990, hewa inabanwa zaidi ya mara 22. Joto lake hupita nyuzi 500. Hapo nozeli inanyunyiza dizeli laini kama ukungu, na dizeli inawaka yenyewe kwa kukutana na hewa ile. Zile hita tunazozisubiri asubuhi, taa ya njano ikiwaka kwenye dashibodi, kazi yake ni kusaidia wakati injini ni baridi. Ikishawaka, haizihitaji tena.

Mtoto akielewa hilo atauliza nani aliyeligundua. Mwambie habari za Rudolf Diesel, kwa sababu ni hadithi ya mtoto pia. Alizaliwa Paris mwaka 1858 kwa wazazi Wajerumani. Vita vya Ufaransa na Ujerumani vilipozuka mwaka 1870, familia ililazimika kukimbilia London, na kijana akapelekwa kwa ndugu huko Augsburg kusoma. Ni Augsburg hiyo hiyo ambako mwaka 1897 injini yake ilipimwa mbele ya wataalamu, ikaonekana kugeuza zaidi ya robo ya nguvu ya mafuta kuwa kazi, katika zama ambazo injini za mvuke zilipoteza karibu nguvu yote hewani. Mwaka 1900, kwenye maonyesho makubwa ya Paris, injini ya aina yake iliendeshwa kwa mafuta ya karanga. Kisha Septemba 1913 alipanda meli usiku kutoka Antwerp kwenda Uingereza, na asubuhi hakuonekana. Mwili wake ulikutwa baharini siku kadhaa baadaye. Mwanawe Eugen hakuwa mtu wa injini. Alikuwa mwandishi, na ndiye aliyeandika kitabu cha maisha ya baba yake. Kila nikikumbuka jambo hilo, nafurahi. Mtoto wa Diesel mwenyewe alirithi kwa njia yake, na baba hakupungukiwa.

Narudi uani. Kama kuna somo moja la dizeli ambalo kila mtoto wa nyumba hizi analijua, ni kutoa hewa. Gari la petroli likiishiwa mafuta njiani, unamimina kidumu, unapiga staata, unaondoka. La dizeli la zamani halikubali. Likikauka, hewa inaingia kwenye mabomba, na pampu inayosukuma mafuta kwa nguvu kubwa haiwezi kusukuma hewa. Unamimina dizeli, halafu unalegeza skrubu iliyo juu ya filta. Unatafuta kile kikono kidogo cha pampu ya mkono ubavuni mwa injini na kuanza kukipandisha na kukishusha. Linatoka povu. Unaendelea. Povu linapungua, linakuwa mapovu ya mojamoja, mwishowe dizeli inatiririka safi, na unakaza skrubu huku bado inatiririka. Ikigoma bado, unalegeza nati za mabomba kwenye nozeli, mmoja anapiga staata, mwingine anatazama. Bomba la kwanza likitema mafuta, kaza, nenda la pili.

Hii ndiyo kazi ambayo wazee wengi walimkabidhi mtoto kwanza. Haihitaji nguvu wala haivunji kitu, na malipo yake yanaonekana papo hapo: gari lililokuwa limekufa barabarani, na abiria wamekwishashuka na kukaa chini ya mgunga, linaguruma. Mtoto wa miaka kumi na moja akiwa ndiye aliyekuwa akipampu, na akina mama wa mnadani wakamwambia "Hongera, fundi," utamtoaje tena kwenye gari la dizeli?

Watu wa mjini hushangaa kwa nini mapenzi haya yana mizizi zaidi mashambani na mbugani. Sababu ni za kazi. Injini ya dizeli ina nguvu ya kuvuta ikiwa inazunguka polepole, na nguvu hiyo ndiyo inayotakiwa kwenye tope na mlima, gari likiwa na magunia ya vitunguu ya Mang'ola. Lita moja ya dizeli ina nishati zaidi ya lita ya petroli, na injini inaitumia vizuri zaidi. Kwa hiyo hata katika ile miezi ambayo EWURA, mdhibiti wa bei za mafuta Tanzania, ikitangaza bei Jumatano ya kwanza ya mwezi, tunakuta dizeli imeipita petroli, mwenye gari la dizeli bado ana hesabu inayokaa. Pampu za zamani zinaendeshwa na gia au mkanda, hazina kompyuta. Altaneta ikifa porini, injini inaendelea kuzunguka mpaka nyumbani, ili mradi usiizime. Na magari yenyewe yanadumu. Dereva teksi wa Ugiriki, Gregorios Sachinidis, aliendesha Mercedes 240 D ya mwaka 1976 kwa kilomita milioni 4.6, mpaka mwaka 2004 kampuni ikalichukua gari hilo kuliweka kwenye makumbusho yake. Kule Kenya, zungumza na wazee waliosomesha watoto kwa Peugeot 504, iliyounganishwa Mombasa hadi mwaka 2004, utaona macho yanavyong'aa. Pita Unguja uone gari za mbao zinazobeba watu na ndizi. Kila mahali hadithi ni ile ile: gari lilidumu kuliko utoto wa watoto wa nyumba ile, na watoto wakalihesabu kuwa sehemu ya ukoo.

Lakini kuna watoto tuliowaacha nje, na hili naomba niliseme wazi. Dada yangu alikuwa na sikio kuliko mimi. Alijua gari lina tatizo kabla mzee hajashuka. Ila tochi ilipohitajika, niliitwa mimi. Yeye aliitwa kuleta chai na maji ya kunawa. Hakuna aliyekusudia ubaya. Ndivyo nyumba zilivyokuwa, na nyingi bado ziko hivyo. Dada alijifunza kwa kusimama mlangoni na sinia mkononi, akitazama kwa muda mrefu kuliko chai ilivyohitaji. Leo ana Hilux yake ya dizeli, anaibebea kuku na chakula cha kuku, na siku moja mbele yangu alimzuia fundi asifungue silinda hedi. Alimwambia, "Kaka, hii ni hewa inaingia kwenye bomba la kurudi. Anzia huko." Wakaanzia huko, na gari likapona. Nyinyi akina baba wenye mabinti, na nyinyi akina mama ambao sasa magari ni yenu, tochi haiulizi jinsia. Vyuo vya VETA vinawapokea wasichana kwenye ufundi magari. Msichana anayefika pale akiwa tayari amewahi kushika mwanga chini ya injini anaingia darasani akiwa ametangulia.

Sasa nifike kwenye jambo linalonisumbua, kwa sababu mapenzi yasiyosema ukweli yanamdhuru mtoto.

Moshi wa dizeli unaua. Mwezi Juni 2012, shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliuweka moshi wa injini za dizeli katika kundi la kwanza la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu, kundi moja na moshi wa sigara. Masizi yake ni madogo sana, hupita puani na kooni na kwenda kutua ndani kabisa ya mapafu. Na mtoto ana mapafu yanayokua, tena kimo chake kinalingana na bomba la eksozi. Wengi tulilelewa na baba anayeacha gari likiguruma asubuhi, nyuma yake watoto wanafagia uwanja, na moshi mweusi ukitoka tuliambiwa gari lina nguvu. Haikuwa kweli. Moshi mweusi ni mafuta yasiyoungua vizuri: filta ya hewa imeziba, au nozeli imechoka inatonesha badala ya kunyunyiza, au mtu amefungua pampu na kuzidisha mafuta ili apande mlima haraka. Kila wingu jeusi ni pesa uliyoilipia kituoni ikienda hewani. Moshi wa bluu ni oili inayopita kwenye ringi. Moshi mweupe usiokoma baada ya injini kupata joto ni dizeli inayopita bila kuwaka, au maji yanayoingia ndani ya silinda. Mfundishe mtoto rangi hizi tatu kama unavyomfundisha taa za barabarani, na mfundishe kwamba gari la dizeli linalotunzwa vizuri halionyeshi hata moja kati yake.

Walaghai nao wapo, wadogo na wakubwa. Tumepita miaka ya uchakachuaji, mafuta ya taa yakichanganywa na dizeli kwa sababu yalikuwa nafuu, na pampu za watu zikifa kwa kukosa ulainisho. Tanzania ilipandisha kodi ya mafuta ya taa mwaka 2011 ili kuufuta mwanya ule wa bei, na Kenya ikafanya hivyo mwaka 2018. Aliyeumia pamoja na wachakachuaji ni bibi mwenye koroboi. Na ulaghai mkubwa kuliko yote ulitoka kwenye ofisi zenye viyoyozi. Septemba 2015 ilifichuliwa Marekani kwamba Volkswagen iliweka programu ndani ya magari yake ya dizeli, inayotambua gari linapopimwa moshi na kulifanya litoe hewa safi kwa muda ule tu. Likirudi barabarani, linatoa sumu mara nyingi zaidi ya kiwango. Yalikuwa takriban magari milioni 11 duniani. Huko Marekani na Ulaya kulikuwa na wazazi waliowapenda watoto wao na kuyapenda magari hayo, waliowaambia watoto kwamba hii ndiyo dizeli safi. Walidanganywa, na wakawa wamewapitishia watoto uongo wasioujua. Mimi hilo naliona kosa kubwa kuliko mabilioni ya dola yaliyolipwa.

Kwa hiyo ninapoona gereji zetu zinakata na kutupa ule mtungi wa kuchuja masizi kwenye magari ya kisasa kutoka Japani, eti gari linavuta vizuri bila huo, nasikitika. Tangu mwaka 2015 nchi za Afrika Mashariki zimekubaliana dizeli yenye salfa isiyozidi chembe 50 kwa milioni, na sababu mojawapo ni kuviwezesha vichujio hivyo kufanya kazi. Mzee anayemwonyesha mwanawe jinsi ya kuukata anamfundisha ufundi wa kumpaka jirani masizi.

Kuna wanaosema mjadala huu hauna maana, dizeli inakwisha. Wana hoja. Injini za leo zina pampu za shinikizo kubwa na kompyuta. Fundi anakuja na mashine ya kusoma makosa kabla hajafungua boneti. Ethiopia imezuia kuingiza magari ya petroli na dizeli tangu 2024. Kwenye mbuga za Kenya na Tanzania kuna Land Cruiser zilizotolewa injini ya dizeli na kuwekewa betri na mota. Zinamkaribia tembo bila kumgutusha. Nimewahi kupanda moja. Niliusikia upepo na ndege, na nilimkumbuka mzee, ambaye alikuwa akizima injini mbali na wanyama ili asiwasumbue, akijua kwamba kuiwasha tena kunaweza kuwa kazi. Nadhani angelipenda gari lile. Angelala chini yake atazame nyaya zinakwenda wapi.

Ndiyo maana sina hofu kwa mtoto aliyelelewa na dizeli. Sikio linalojua kutofautisha mlio wa beringi na mlio wa mkanda litazisikia pia beringi za mota ya umeme. Na mtoto aliyezoea kutoa hewa, bomba moja baada ya jingine, tayari ameshajua kutafuta tatizo kwa utaratibu, na hicho ndicho kinachokosekana kwa mafundi wengi wanaobadilisha vipuri kwa kubahatisha kwa pesa ya mteja. Ninachokihofia ni kingine: gari la marehemu lililoegeshwa uani, kuku wanatagia ndani, ndugu hawakubaliani nani abadilishe jina kwenye kadi, na kila mwaka linazama kidogo ardhini. Familia inaliita kumbukumbu. Kama hakuna anayeweza kuliendesha, liuzeni kwa anayeweza, aliingize barabarani. Nimeona pia familia iliyofanya vyema zaidi: walilitoa lile la babu, wakalifanyia ovahoo kwa michango ya wajukuu, na sasa linatoka siku za harusi na misiba, mjukuu yupi ataliendesha ikiamuliwa na nani aliyemwaga oili safari hii.

Machache ya tahadhari, kisha nimalize. Usimpakate mtoto kwenye usukani. Leseni ya gari ni miaka 18 na magoti ya baba hayazuii ajali. Usimruhusu aingie chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake. Weka stendi, na weka mawe kwenye matairi. Injini ya dizeli inayozunguka, mabomba yake ya nozeli yana shinikizo linaloweza kupenya ngozi, kwa hiyo mkono wa mtoto usikaribie bomba linalovuja. Na usiwashe gari ndani ya banda lililofungwa, hata kwa dakika mbili.

Mengine yote yanaweza kuanza Jumamosi hii. Chini ya filta ya dizeli kuna skrubu au koki ya kutolea maji, maana dizeli yetu huja na maji, hasa masika. Mwite mwanao, wa kike au wa kiume, na chupa nyeupe ya plastiki. Injini iwe imezimwa na imepoa. Legezeni, kingeni kiasi kidogo, fungeni, kisha iacheni chupa itulie juani. Maji yatakaa chini, dizeli itaelea juu yake, na mstari kati yao utaonekana wazi. Muulize yale maji yangefika kwenye pampu ingekuwaje. Mpe muda ajibu. Kisha mpe spana akaze mwenyewe, nawe uhakikishe baadaye.